Zamu ya Malori na Saa ya Kinshasa

Kabla ya mashine kuja, zamu ya malori ilikaa ndani ya daftari moja lenye jalada la buluu, na daftari lilikaa kwapani mwa Tata Nkongolo, mkuu wa uwanja. Uwanja huo uko nje kidogo ya Kolwezi, kusini mwa Kongo, mahali ambapo malori hungoja kuitwa kwenda kupakia shaba. Dereva akifika, aliandikwa jina na namba ya lori, kisha alitandika mkeka chini ya trela akangoja. Siku mbili, siku tatu, wakati mwingine wiki nzima. Na kwa kuwa daftari ni karatasi tu, majina yalikuwa na miguu. Mtu alilala akiwa wa kumi, akaamka akiwa wa kumi na tisa. Hakuna aliyejua nani amempita, lakini kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumshuku.

Jocelyne Mpoyi ndiye aliyekuja kusema kwamba jambo hilo linaweza kwisha. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mpole wa sauti, anayeishi Kapata katika nyumba ya kampuni ambayo baba yake aliipata enzi za kazi yake. Hakusoma chuo. Kwa miaka tisa alikuwa mpiga chapa katika duka la fotokopi kule Dilala, na wateja wake wengi walikuwa wanafunzi wanaoleta kazi zao za mwisho wa masomo zimeandikwa kwa kalamu. Mwaka mmoja mwanafunzi wa informatiki alimletea kurasa mia na ishirini za programu iliyoandikwa kwa Chantier, chombo cha kutengenezea programu kinachouzwa na kampuni moja ya Ufaransa. Jocelyne alipiga chapa mstari kwa mstari bila kuelewa. Amri zilikuwa za Kifaransa, kama kile alichojifunza kwa masista: SI, SINON, FINSI. Ikiwa hivi, fanya hivi. La sivyo, fanya vile. Kufikia ukurasa wa arobaini vidole vyake vilianza kusita vyenyewe mahali ambapo mwanafunzi amekosea. Kufikia ukurasa wa tisini alimwita mwanafunzi, akamwonyesha kwa upole kwamba programu yake isingesimama hata siku moja.

Tangu hapo alikuwa mtu wa Chantier. Alijinunulia leseni yake, akatumiwa kifurushi chenye kitabu cha kurasa mia tisa na ufunguo mdogo, kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, ambacho bila hicho Chantier hakifunguki kabisa. Ufunguo huo aliushonea kifuko cha kitenge, akauvaa shingoni. Watu wa Kapata walidhani ni dawa.

Programu ya zamu ilimchukua miezi saba. Uwanja una malango mawili, moja upande wa barabara ya Likasi, moja upande wa barabara ya Kasaji. Katika kila lango aliweka kompyuta na kichapishi kidogo. Lori likifika, mlinzi anaingiza namba yake, na tiketi inatoka yenye dakika ile ile ya kufika. Katikati ya uwanja, ofisini kwa Tata Nkongolo, mashine kubwa inakusanya tiketi za malango yote mawili na kuonyesha foleni kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani, nje, kila dereva aione. Siku ya kwanza ya majaribio Jocelyne alisimama mbele ya madereva akawaahidi jambo moja tu: anayefika mbele ataingia mbele, awe nani. Ahadi hiyo ilikuwa ndiyo kazi yake yote. Majaribio yangechukua wiki mbili, na mwisho wake chama cha wasafirishaji kingeamua kama mashine zibaki au daftari lirudi.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka watu wakaanza kusahau kwamba wanajaribu kitu. Kisha Jumamosi umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, ukaunguza kompyuta ya lango la Kasaji. Jumatatu asubuhi Glodi alileta nyingine kutoka Lubumbashi, akaiwasha, akaiunga, tiketi zikaanza kutoka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Glodi alikuwa fundi wa mtandao, kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye ulimi mwepesi na mkono mzuri. Yeye alitumia vyombo vya bure vinavyotengenezwa na watu wa dunia nzima bila malipo, na hakuacha siku ipite bila kumchokoza Jocelyne, ambaye alimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu ya kifuko chake cha shingoni.

Manung'uniko yalianza siku hiyo hiyo, chini chini. Jumatano asubuhi yakapata mdomo.

Mdomo huo ulikuwa wa Tata Kazadi, dereva wa lori jekundu, mtu mnene ambaye barabara ya Likasi anaijua shimo kwa shimo. Alisimama chini ya televisheni na tiketi mkononi, na madereva wa upande wake nyuma yake. Alipomwona Jocelyne anashuka kwenye pikipiki ya taxi-moto, hakungoja afike.

"Mama, soma hii tiketi. Lango ya Likasi, 7:20. Ni kweli, mi niliangalia saa yangu. Sasa shemeki yangu, ndugu ya bibi yangu, alinipigia simu njo anafika ku lango ya Kasaji. Saa yangu ilikuwa 8:05. Mi niko nakaa hapa, nakunywa chai yangu. Na angalia kule yulu. Eko mbele yangu. Shemeki yangu! Bibi yangu atanicheka mwaka muzima."

Wengine walicheka, lakini si kicheko cha kupendeza. Jocelyne alitazama televisheni. Lori la shemeji lilikuwa la kumi na mbili. La Kazadi, la ishirini na moja. Tiketi ya shemeji ilisema 7:05.

Akasema kwamba ataangalia, kwamba huenda mashine imekosea. Kazadi akatikisa kichwa.

"Mashini haina tumbo, mama. Mwenye mashini njo eko na tumbo."

Neno hilo liliingia. Jocelyne alisikia uso wake unapata moto. Nyuma mtu mmoja alikumbusha wenzake kwamba mama yake Jocelyne ana mashamba Kasaji, kwamba kila kiangazi huyu mama huenda huko, na je, wanaopita mbele siku hizi ni wa barabara gani? Ni wa Kasaji. Jambo likawa limekamilika vichwani mwao kama godoro lililokunjwa na kufungwa kamba.

Tata Nkongolo alimwita ofisini. Alikuwa mzee mwenye sauti nzito na mwendo wa taratibu, aliyekuwa dereva kabla magoti hayajamkataa. Daftari la buluu lilikuwa juu ya meza tena. Alimweleza kwamba chama hakitangoja mwisho wa wiki. Wakiendelea hivi, mawe yatarushwa.

"Mi sisemi umekula," alimaliza. "Nasema batu banasema. Na mi siwezi kuziba kinywa ya batu mia mbili."

"Munipatie mupaka kesho midi, tata," Jocelyne akaomba, akimaanisha saa sita mchana.

"Kesho midi. Kisha hapo, kaye inarudia," mzee akasema, akiligonga daftari.

Jocelyne alirudi Kapata, akafunga mlango, akachomeka ufunguo kwenye kompyuta yake ya mkononi, akafungua Chantier. Kitu kimoja alichokipenda katika chombo hicho ni kwamba kilimruhusu kutembea ndani ya programu kama mtu anayetembea nyumbani mwake na taa mkononi. Unasimamisha kazi, unasogeza mstari mmoja, unaangalia kila thamani, unasogeza tena. Alichukua tiketi za Kazadi na shemeji yake, akazipitisha polepole. Mstari wa kupokea, sawa. Mstari wa kulinganisha, sawa. Mstari wa kupanga, sawa. Programu ilipewa 7:20 na 7:05, ikaweka 7:05 mbele, kama alivyoiamuru. Alirudia na jozi nyingine sita. Chumba kilikuwa na baridi ya kiangazi, chai ikapoa bila kuguswa. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: programu haina kosa.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa. Kosa ukiliona unalirekebisha. Kosa usiloliona linageuka kuwa neno la Kazadi.

Saa 14:30 alifunga kila kitu. Aliamua kwenda lango la Kasaji na kuipekua programu pale pale inapofanya kazi, kwenye mashine mpya yenyewe. Alimpigia Glodi simu wakutane huko, akapanda taxi-moto, na vumbi likamsindikiza mpaka langoni, ambako Glodi alikuwa amekwisha kufika.

Mlinzi wa lango, Tata Ngeleka, aliwapisha kwenye kibanda chake kilichojaa harufu ya karanga za kukaanga, kwani mke wake alikuwa akiziuza hapo nje. Jocelyne aliweka Chantier kwenye mashine mpya, akavua kifuko, akachomeka ufunguo.

Dirisha jekundu likatokea katikati ya kioo. Kwa Kifaransa cha baridi lilisema kwamba saa ya mashine imerudishwa nyuma, kwamba huenda ni jaribio la udanganyifu, na kwamba leseni imezuiwa kwa saa sabini na mbili. Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja tu, cha kukubali.

Aliuchomoa ufunguo, akaurudisha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Dirisha jekundu likatokea na huko. Ufunguo ulikuwa umejifunga, popote uendapo. Saa sabini na mbili maana yake ni Jumamosi. Naye alikuwa amepewa mpaka kesho midi tu.

Glodi alisoma begani mwake, akapiga mluzi.

"Yaya, mi nilikuambia. Uko nalipa batu ya Ulaya juu bakufungie mulango ya nyumba yako mwenyewe. Na banakuita mwizi tena. Chombo yangu mi haiyaniita mwizi hata siku moya."

Alikuwa na haki, na Jocelyne hakuona sababu ya kumnyima haki yake. Miaka sita alilipia leseni hii kila mwaka bila kukosa. Mara ngapi ilimgomea kwa sababu mtandao umekatika, mara ngapi ilimtaka athibitishe tena kwamba yeye ni yeye? Na sasa asubuhi ameitwa mla rushwa na mtu mwenye lori jekundu, na alasiri ameitwa mdanganyifu na kijiti kinacholala kifuani pake. Alikaa juu ya kreti ya bia iliyokuwa kiti cha mlinzi, mikono magotini.

Lakini alikuwa mtu wa kusoma kila kitu mara mbili. Kupiga chapa kazi za wengine kulimpa tabia hiyo. Akalisoma dirisha tena. Halikusema kwamba leseni imeibwa. Halikusema kwamba ufunguo ni wa bandia. Lilisema saa imerudishwa nyuma.

"Nani alirudisha saa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna mutu," Glodi akasema. "Ni uongo yabo tu."

Jocelyne hakuridhika. Ufunguo hujiandikia saa ya mwisho ulipotumika. Umetumika Kapata saa 14:30. Kutoka Kapata mpaka hapa ni nusu saa na zaidi. Alitoa simu yake: 15:07. Akainama kwenye pembe ya chini ya kioo cha mashine mpya, pale ambapo saa huandikwa kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayeziangalia.

14:07.

Alibaki ameinama hapo hata Tata Ngeleka akaja kuangalia wanachokiangalia.

"Tata, hii saa ya mashini munaionaka?"

"Ile? Ile ni saa ya Kinshasa, mama," mlinzi akajibu, akishangaa kidogo kwa swali. "Unaongeza moya, basi. Njo vile ku radio, njo vile ku televizyo. Nani hayue?"

Na kweli, nani asiyejua? Watu wa Kolwezi wanazaliwa na hesabu hiyo. Jua linawafikia wao kwanza; Kinshasa iko nyuma yao kwa saa moja, na kila taarifa ya habari, kila mechi, kila hotuba inayotangazwa kutoka mji mkuu huongezewa moja kichwani bila mtu kufikiri, kama anavyopepesa macho. Tangu Jumatatu Tata Ngeleka aliona saa ya mashine iko nyuma, akaongeza moja, akaendelea na karanga zake. Walinzi wenzake waliongeza moja. Madereva wa Kasaji waliotazama tiketi waliongeza moja. Mwenye kuongeza hakuwa na cha kulalamikia. Ni programu ya Jocelyne peke yake ambayo haikujua kuongeza. Kila lori la Kasaji lilipewa zawadi ya dakika sitini, na hakuna aliyekula hata karanga moja.

Glodi alikuwa ameacha kucheka. Angeweza kunyamaza, na pengine hakuna ambaye angemuuliza. Alikuna shingo.

"Njo mi, yaya. Wakati ya kuiwasha iliniuliza inchi gani. Nikaweka Congo. Ikaweka Kinshasa yenyewe. Sikuangalia." Kisha akaongeza, kama mtu anayejitetea mbele ya darasa: "Ungeweka inchi gani, weye?"

"Harare," Jocelyne akasema. "Miaka yote naweka Harare. Saa yabo njo saa yetu."

Wakatazamana, kicheko kikawashika wote wawili, cha kweli safari hii, na Tata Ngeleka akacheka nao bila kujua wanacheka nini.

Glodi alinyoosha mkono ili aiweke saa sawa palepale. Jocelyne alimzuia kwanza, kisha akamwachia. Saa ingekaa sawa leo. Lakini mashine itaungua tena siku moja, na mtu mwingine mwema ataandika Congo. Kosa lilikuwa la kwake. Aliiamuru programu iiamini saa ya mashine ya kila lango. Akakumbuka ukurasa mmoja katika kile kitabu cha kurasa mia tisa, ukurasa aliouruka kwa sababu alidhani saa zote za Kolwezi ni moja. Kulikuwa na amri inayoitwa HeureServeur. Ukiiandika, kila lango halitazami saa yake. Linaiuliza mashine kubwa ya ofisini, nayo inalijibu. Watu wa Chantier walikuwa wamelifikiria jambo hilo zamani, wakalitengeneza, wakaliweka tayari. Mistari minne tu ya kubadilisha. Na hawezi kubadilisha hata mmoja, kwa sababu watu hao hao wamemfungia mlango.

Nyuma ya kitabu palikuwa na namba ya simu kwa wenye leseni. Hakuwahi kuipiga. Muziki ulilia dakika kumi na moja, vocha ikiyeyuka, kisha sauti ya mwanamke ikasema kwamba anaitwa Élise na angependa kusaidia.

Jocelyne alieleza kwa Kifaransa cha masista, taratibu, bila lawama. Élise alisikiliza, akasema anasikitika, lakini mfumo umeona saa ikirudi nyuma, na utaratibu ni kungoja. Alisema pia, kwa adabu, kwamba orodha yake inaonyesha Kongo ikiwa na saa ya Kinshasa, kwa hiyo mashine ya langoni ndiyo iliyo sahihi na kompyuta ya bibi ndiyo iliyo mbele.

Glodi, aliyekuwa akisikiliza, aliinua mikono juu. Jocelyne alifikiri kidogo. Ilikuwa mwezi wa saba.

"Bibi Élise," akasema, "hapo ulipo, saa yako inasema ngapi?"

"Saa tisa na dakika ishirini na sita alasiri."

"Na yangu pia. Mimi na wewe tuko mbali kiasi cha usiku mzima wa ndege, na saa yetu ni moja. Mashine iliyo mbele yangu, kama tusingeirekebisha dakika chache zilizopita, ingesema saa nane na dakika ishirini na sita. Nchi yetu ni kubwa. Tafadhali fungua ramani, tafuta Lubumbashi."

Ikasikika sauti ya vidole kwenye kibodi. Jocelyne aliijua sauti hiyo kuliko zote duniani, akaingoja kwa subira ya mtu wa kazi ile ile.

"Oh," Élise akasema. "Kuna saa mbili."

"Ndiyo, bibi. Tumezoea."

Élise alicheka, akaomba radhi, na safari hii radhi ilikuwa ya mtu, haikuwa ya mfumo. Angetoa namba ya kuufungulia ufunguo, herufi ishirini, lakini iandikwe sasa hivi kwani itaharibika baada ya robo saa. Wakaanza. Élise alisema N kama Nicolas. Jocelyne akarudisha N kama Nkongolo. Élise alisema K kama kilo. Jocelyne akarudisha K kama Kazadi, na moyoni akatabasamu. Kwenye herufi ya kumi na nne vocha ikaisha.

Kabla hajasema neno, Glodi alikuwa amekwisha kumwekea simu yake mkononi, namba imekwisha kupigwa. Muziki tena. Dakika nne, tano, sita. Tata Ngeleka alisimama mlangoni akazuia malori yasipige honi. Sauti ikaja, ya Élise mwenyewe. Alikuwa ameacha neno kwa wenzake kwamba simu ya Kolwezi ikirudi, iletwe kwake. Herufi sita zilizobaki. Dirisha jekundu likazimika, Chantier kikafunguka, na programu ikakaa pale kama ilivyoachwa.

"Mu chombo yangu mi," Glodi akasema, "mulango haifungikake. Lakini ikifungika, sijue ningepigia nani."

"Njo vile," Jocelyne akasema, na hakusogeza ubishi mbele zaidi ya hapo. Alikuwa anaandika mistari yake minne. Jua halijatua, programu mpya ilikuwa katika malango yote mawili.

Kesho yake, muda mrefu kabla ya midi, uwanja ulikuwa umejaa. Tata Nkongolo alitoka na daftari kwapani. Jocelyne alipanda juu ya kreti, na kwa kuwa sauti yake ni ndogo, watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie.

Aliwaambia kila kitu. Saa ya Kinshasa, mlinzi aliyeongeza moja, programu isiyojua kuongeza. Alisema Tata Kazadi aliona vizuri na alisema kweli kuhusu zamu. Kuhusu tumbo tu ndipo alipokosea. Alisema kosa ni la programu, na programu ni yake. Hakumtaja Glodi. Glodi, aliyesimama chini ya televisheni, alijitaja mwenyewe, akapokea matusi yake machache ya kirafiki.

Kisha Jocelyne aligusa kompyuta, na tiketi zote za Kasaji zilizotoka tangu Jumatatu zikapewa saa yao ya kweli. Kwenye televisheni majina yalianza kusogea, yakishuka na kupanda, na shingo mia mbili zikainuka. Lori la mbele kabisa lilishuka nafasi nane, na mwenyewe akaguna lakini hakubisha, kwa kuwa alijua siku na saa aliyofika. Lori jekundu likapanda, likapanda tena, likasimama kwenye namba kumi na tatu. Chini yake, mistari sita nyuma, likatua lori la shemeji.

Watu walipiga makofi. Tata Nkongolo hakupiga. Aliinua mkono, akasema kwa utulivu kwamba kupanga upya kinachojulikana tayari si kazi ngumu, hata yeye na kalamu angeweza. Yeye alitaka kuona leo.

"Mama Jocelyne, asubui hii mi mwenyewe nilienda ku lango ya Kasaji. Nikamuambia Ngeleka ageuze saa ya ile mashini. Haiko saa moya. Saa tatu kamili, kwa nyuma. Na sikukuambia."

Jocelyne aligeuka kumtazama, na Glodi alifumba macho.

"Kazadi, pigia shemeki yako," mzee akaendelea. "Azunguuke na gari yake, aingie tena ku lango ya Kasaji. Weye tuma gari moya iingie ku Likasi, mbele yake kidogo. Batu yote baangalie saa yabo."

Ikafanyika. Lori la buluu likapita lango la Likasi, na vijana waliosimama huko wakapaza sauti: 10:41. Kazadi alikuwa na simu sikioni, akimwuliza shemeji yake amefika wapi, amefika wapi sasa, mlinzi ameandika, tiketi imetoka?

"Imetoka," Kazadi akarudia kile anachoambiwa, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Saa ya mashini ku kioo inasema 7:44. Anasema ku tiketi..."

Hakumaliza, kwa sababu televisheni ilikwisha kujibu. Mistari miwili mipya ilitokea chini ya foleni. Likasi, 10:41. Kasaji, 10:44. Lori moja mbele, moja nyuma, kama yalivyofika.

Kelele iliyolipuka hapo ilisikika, wanasema, mpaka kwenye nyumba za kwanza za mji. Madereva wa Likasi na wa Kasaji walishikana mikono kana kwamba wameshinda mechi wakiwa timu moja. Glodi alimnyanyua Jocelyne pamoja na kreti, akamshusha haraka alipokumbuka kwamba huyu ni yaya wake. Kazadi alimjia taratibu, kofia mkononi, akasimama mbele yake bila kujua aanzie wapi. Jocelyne alimwokoa: alimwambia kwamba bila simu ya shemeji yake wasingejua chochote mpaka leo.

"Mama," akasema, "ile neno ya tumbo, naimeza."

"Meza na chai, tata."

Tata Nkongolo alilitazama daftari la buluu mbele na nyuma, kama mtu anayeaga chumba alichokaa muda mrefu. Kisha alimwita mke wa Ngeleka, aliyekuwa amehamia uwanjani na beseni lake kwa ajili ya umati, akampa. Mama huyo hakuuliza maswali. Karatasi nzuri, ngumu, haipatikani kila siku. Alichana ukurasa wa kwanza, akauviringisha kuwa koni, akaujaza karanga.

Koni ya tatu ilimwangukia Kazadi. Alitafuna, akakunjua karatasi ili apate karanga za mwisho, na macho yake yakaona mwandiko. Ilikuwa orodha ya mwezi wa tatu. Jina lake lilikuwepo, la nne, limekatwa kwa mstari, na limeandikwa tena chini kabisa ya ukurasa kwa wino mwingine.

Aliiangalia kwa muda. Kisha akanyanyua macho kwenye televisheni, ambapo lori jekundu lilikuwa limekwisha kuwa la kumi na moja, akakung'uta chumvi mikononi, akaenda kuwasha injini.